Ulizia Neno: Nyumbu, Kandambili na Wenzao

Mwezi uliopita nilimsahihisha kijana mmoja mtandaoni. Aliandika "magari zimegongana", nami kwa mazoea ya miaka 31 ya chaki nikamwandikia: "Yamegongana, mwanangu." Akanijibu kwa neno moja tu: "Nyumbu." Mjukuu wangu, aliyenifundisha kutumia hiyo simu, alitaka tumjibu palepale. Mimi nilitafuta miwani, nikashusha kamusi. Nilikigusia kisa hicho katika toleo lililopita, na tangu hapo barua za ngeli na methali zimekatika, zinakuja za matusi tu. Basi leo tuyamalize, yale yanayochapika.

Shikamoo Mwalimu. Kwani nyumbu ana kosa gani? Kwenye kundi letu la ukoo, shemeji akikosa hoja anatuita nyumbu wote, na mama mkwe yumo humo humo. *Mama Wawili, Morogoro*

Marahaba, mama. Nyumbu hana kosa, ila ana mguu wa kufuata. Kule Serengeti wako zaidi ya milioni moja, na wakifika Mto Mara wanasimama ukingoni wanasukumana, hakuna anayetaka kuanza. Akijitosa mmoja, wote nyuma yake, na mamba wamekaa wanawasubiri. Picha hiyo imeonyeshwa kwenye televisheni mpaka mtoto wa chekechea anaijua, ndiyo maana tusi linaeleweka bila maelezo: unamfuata wa mbele bila kuuliza anakwenda wapi.

Kwenye siasa walibandikwa wafuasi wa upinzani, Chadema hasa. Wao wakajibu kwa "buku saba", kwamba anayewatukana analipwa shilingi 7,000 pale Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, zilipo ofisi za CCM. Risiti ya hizo elfu saba sijaiona. Mfuasi wa chama chochote asiyemfuata mtu naye sijamwona.

Lakini mwambie shemeji kwamba neno hili lina ukoo mzuri kuliko anavyodhani. Katika Kiswahili nyumbu ni pia yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi, anayeitwa vilevile baghala. Fungua Samweli wa Pili katika Biblia ya Kiswahili: wana wa mfalme Daudi wanapanda nyumbu, kila mtu na wake. Na sisi tuliokuwa vijana miaka ya 1980, ukisema Nyumbu tulikuwa tunaona lori la jeshi lililoundwa na Watanzania pale Kibaha, na kifua kinajaa. Sasa sijui shemeji alikuwa na maana ya yupi.

Mwalimu, tumewekeana soda kazini. Mmoja anasema "mpumbavu" linatokana na pumba za mahindi, mwingine anasema linatokana na kiungo ambacho siwezi kukiandika kwenye gazeti. Nani alipe? *Fundi cherehani, Mwanza*

Walipe wote wawili, soda niletewe mimi.

Mzizi ni kitenzi kupumbaa, yaani kuduwaa, akili kusimama. Kutoka tulia tunapata tulivu, kutoka pungua tunapata pungufu, na kutoka pumbaa tunapata pumbavu. Mpumbavu ni mtu aliyeduwaa mahali ambapo wenzake wanaelewa. Ukikaa ukatazama video za simu saa tatu mfululizo, chai ikapoa pembeni, umepumbazwa, na wewe hapo umekaribia.

Pumba ni habari nyingine. Ni kile kinachobaki mashineni baada ya kukoboa, na anayekuambia "umeandika pumba" anasema unga hamna, limebaki ganda. Tusi zuri sana, ila ni la mtu asiyefuga. Huku kwetu Korogwe wenye kuku tunaamkia pumba alfajiri mashineni, na ukichelewa unakuta gunia la mwisho limeshachukuliwa.

Shikamoo Mwalimu Kandambili. Mimi ni Simba damu. Hilo jina lako ni tusi la Yanga, sasa umejitukana mwenyewe au umetukanwa ukazoea? Na haya makolo na utopolo yametoka wapi? *Dereva wa bodaboda, Tegeta*

Marahaba, mtani. Vyote viwili.

Mwaka 1987 nilichomwa na msumari unyayoni, viatu havikuingia kwa wiki tatu, nikawa naingia darasani na kandambili. Siku ya pili nilikuta ubaoni wamechora mguu wenye bandeji, chini yake wameandika jina. Nilidhani ni mambo ya mpira, maana walijua mimi ni Yanga. Nikawapa darasa zima adhabu ya kufyeka uwanja. Baadaye kiranja akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ni miguu yako tu." Jina likakaa. Nilipohamishwa shule lilinitangulia, na nilipostaafu waliliandika kwenye keki.

Kwa Yanga nalo lina kisa cha kweli, cha zamani kuliko mtandao. Katikati ya miaka ya 1970 klabu iligawanyika vipande viwili vinavyogombana. Wa upande mmoja wakaitwa Raizoni, kwa vile viatu vya soli ndefu walivyovaa vijana wa wakati ule. Upande wa pili wakaitwa Kandambili, viatu vya mtu asiye na mambo mengi. Raizoni ndio waliotoka, na huko ndiko ilikozaliwa Pan African. Kandambili wakabaki na klabu, na jina walilopewa kwa dharau likawa lao.

Vyura, jina jingine mnalotuita sisi Yanga, ni la jiografia. Makao makuu ya Yanga yako Jangwani, na masika ikikolea maji ya bonde la Msimbazi yanajaa kule. Mnacheka nyie, lakini mto wenyewe umebeba jina la mtaa wenu.

Makolo, mnaloitwa ninyi Simba, ni mkato wa makolokolo, yaani vikorokoro visivyo na kazi vinavyojazana uvunguni. Utopolo ni neno la mitaani la kitu cha hovyo, na aliyelipaza zaidi ni Haji Manara alipokuwa msemaji wa Simba. Agosti 2021 akahamia Yanga. Nilikuwa kinyozi habari ilipotangazwa. Shabiki mmoja wa Simba, kichwa kimenyolewa nusu, alisimama na shuka shingoni akauliza: "Sasa utopolo tunaendelea kuwaita au tunamtukana mtu wetu wa zamani?" Kinyozi akamwambia akae kwanza. Mnaendelea kutuita, kama ulivyoona.

Mwalimu, nilimwita rafiki yangu "mshenzi wewe" kwenye simu, kwa utani, tunacheka. Bibi yangu alikuwa jikoni. Hajasema nami mpaka leo, siku ya nne. Bibi ana miaka 85, ni mtu wa Pangani. Nimekosa nini? *Binti wa Tanga mjini*

Mwanangu, hili nalijibu taratibu, nawe usome taratibu.

Kwenu ninyi mshenzi ni mtu mtukutu tu, asiye na haya. Kwa mtu wa Pangani wa umri huo si hivyo. Karne ya 19 miji ya pwani iligawa binadamu: kulikuwa na muungwana, mtu huru wa mjini, mwenye dini, kanzu na adabu za mji, na kulikuwa na mshenzi, mtu wa bara asiye na hayo. Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara. Pembe za ndovu zilifika pale, na watu walifika pale wamefungwa. Mtu aliyeteremshwa kutoka bara aliitwa mshenzi kabla hajaitwa mtumwa, na hilo la kwanza ndilo lililofanya la pili lionekane halali.

Sasa fanya hesabu. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari mwaka 1873. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Bibi yako amezaliwa karibu na 1940, yaani miaka 18 tu baadaye. Bibi yake yeye alikuwa mtu mzima siku sheria ile ilipotoka. Katika nyumba kama hizo kuitwa mshenzi lilikuwa swali: mama yako alizaliwa hapa au alinunuliwa? Kuna nyumba nazijua, watu wamezeeka bila kulijibu.

Mstaarabu nalo ni la ukoo huohuo. Lisikilize vizuri, ndani yake yumo Mwarabu: aliyestaarabika ni aliyefanana naye. Tunasifiana kwa neno hilo kila siku, hata misibani. Mshamba ni mdogo wao, maana wa shamba alikuwa mara nyingi analima la mwenzake.

Usimwandikie bibi ujumbe. Nenda jikoni, kaa chini kwenye mkeka, mwambie "Bibi, nisamehe, sikulijua lile neno." Akinyamaza nyamaza naye, menya viazi. Akianza kusimulia usishike simu.

Niliandika "chawa" chini ya picha ya mtu, wakacheka. Juzi nikaandika "mende", akaunti ikafungiwa. Wote si wadudu? *Kijana wa Ngara*

Wadudu wote, ila hawafanyi kazi moja.

Chawa ni mtu mmoja na shughuli yake. Anaishi kichwani mwa mwenye nacho, anafyonza, na malipo yake ni sifa. Zamani tulimwita mpambe, na akiwa wa siasa kibaraka. Chawa limewashinda yote mawili kwa sababu linawasha ukilisikia tu. Lakini angalia lilivyogeuka: wapo waliojiita wenyewe hadharani "Chawa wa Mama", yaani wa Rais Samia, bila kuona haya, na tangu hapo kumwita mtu chawa ni kama kumtajia cheo.

Mende haitwi mmoja, wanaitwa kundi. Wewe wa Ngara hukupaswa kuniuliza mimi, ungewauliza wazee wa hapo. Redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, ikawaita Watutsi inyenzi, mende, asubuhi na jioni, katikati ya muziki mzuri. Mwaka uliofuata waliuawa watu wapatao 800,000 katika siku kama 100, na Mto Kagera, huo unaopita kwenu Rusumo, ukateremsha maiti mpaka Ziwa Victoria. Neno halikushika panga. Lakini mende huulizwi kwa nini umemkanyaga, na hiyo ndiyo kazi lililofanya.

Wakenya wana madoadoa. Neno la kitambaa tu, la ngozi ya chui. Mwanzoni mwa 2022 seneta mmoja alikamatwa baada ya kulitamka jukwaani Eldoret, na asiyejua alishangaa. Anayejua alikumbuka kwamba katika Bonde la Ufa "madoadoa" walikuwa majirani wa kabila jingine wanaotakiwa kuondolewa, na kwamba baada ya uchaguzi wa 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100. Mwaka huohuo wa 2022 Tume ya Uwiano ya huko ikatoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa yamo, mende yumo, na wakuja pia, lile ambalo sisi wa pwani tunawaitia wageni huku tunacheka.

Kwa hiyo aliyekufungia akaunti simlaumu.

Wenzangu wananiita bushoke kwa sababu namfulia mke wangu. Je, ni Kiswahili sanifu? *Mume, Mbeya*

Si sanifu, ila ni la kwetu kabisa, limezaliwa tukiwa macho. Msanii wa Bongo Fleva aitwaye Bushoke aliimba "Mume Bwege", kisa cha mume anayeteswa na mkewe. Watu wakauacha wimbo wakachukua jina la mwimbaji, jambo ambalo kwa haki hakustahili. Vijana wa sasa wana "simp" la Wamarekani, nalo ni mkato tu wa neno la Kiingereza la kumwita mtu zuzu, lina zaidi ya miaka 100. Endelea kufua. Ukichoka na jina, kumbuka Selemani Bungara alijulikana nchi nzima kama Bwege, na watu wa Kilwa Kusini wakampeleka bungeni na ubwege wake.

Naomba unipe tusi jipya la jirani yangu, ambalo hakuna mtu amelisikia. *Jina limehifadhiwa, Kimara*

Sitoi. Sheria ya Makosa ya Mtandao, ilivyotungwa mwaka 2015, imeweka kwa anayemsumbua mtu mtandaoni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, na pensheni yangu unaijua. Chukua la zamani: boya. Tumelipata kwa Wareno. Panda ngalawa bandarini Tanga uliangalie lenyewe: jekundu, limenona, limejaa hewa, limefungwa mnyororo mahali pamoja, na kila wimbi likija linaitikia kwa kichwa.

Mwalimu, kwa nini watu wanaitana kenge? Mamba si ndiye mbaya zaidi? *Mwanafunzi wa kidato cha pili, Lindi*

Mamba anaogopwa, hatukanwi. Kenge amefanana naye bila kuwa yeye, ndiyo maana tunasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Tena wanasema kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, kwa hiyo anaitwa hivyo mtu aliyeonywa mara kumi. Mimi ninaye mmoja hapa nyuma ya banda la kuku. Jumapili amekula mayai manne. Nimempigia kelele, nimempigia debe, mjukuu amempigia muziki wa simu kwa sauti ya mwisho. Alitugeukia akatutazama, akarudi kwenye yai la tano.