Fereti anayeuma akiwa na chakula: usimpokonye, mletee

Mkuu, pole kwa kidole. Kama nimekuelewa vizuri, una fereti jike (yule mnyama mdogo mrefu wa jamii ya kicheche anayefugwa nyumbani) wa siku nyingi, asiye na neno na mtu, na sasa umemchukua dume wa mwaka mmoja hivi kwa mtu aliyeshindwa kumtunza. Tangu aingie, mkono ukisogea karibu na bakuli anauma, na ameshamvamia jike shingoni kwa sababu ya kipande cha nyama. Umeshauriwa umkamate ukosi na kumpokonya chakula kila anapofoka, mpaka ajue nani mkubwa. Unauliza kama hiyo kweli ndiyo dawa au umrudishe alikotoka.

Usimrudishe, na usimpokonye. Nimeishi na fereti miaka mingi, na wengi wao walinifikia wakiwa wakubwa, wameshapita mikononi mwa watu wengine. Tabia hii naijua, na sijamwona hata mmoja aliyeiacha kwa kupokonywa. Hebu litazame jambo kwa upande wake: anaona mkono unakuja, anahofia chakula kitaondoka, anafoka, na kweli chakula kinaondoka. Wewe mwenyewe umemthibitishia hofu yake. Safari nyingine hatafoka, ataanza na meno moja kwa moja, maana kufoka hakukumsaidia kitu. Wanaosema fereti wao "aliuma bila kuonya", mara nyingi ni kwamba onyo lake limeshaadhibiwa mpaka likaisha.

Kabla ya mafunzo yoyote, angalia anakula saa ngapi. Fereti ni mla nyama wa kuzaliwa, utumbo wake ni mfupi mno, na chakula humpitia kwa saa 3 au 4 tu tangu akile hadi akitoe. Ndiyo maana akiachwa ajipangie mwenyewe hula kidogo kidogo, mara 8 hadi 10 kwa siku, akiamka na kulala tena, kwa sababu usingizi wake nao unaweza kufika saa 14 hadi 18. Ukimwekea asubuhi na jioni kama mbwa, unamshindisha njaa kila siku bila kujua. Wengi wanaoitwa wakali ni wenye njaa, au waliwahi kukaa na njaa, au walilelewa wengi kwenye kizimba kimoja chenye bakuli moja, ambako aliyewahi ndiye aliyeshiba. Mwekee chakula kikavu kizuri muda wote, usiku na mchana, chenye protini ya nyama asilimia 35 au zaidi na mafuta asilimia 20 hivi. Usiogope kwamba atakula kupita kiasi. Fereti mwenye afya kwa kawaida hujipimia mwenyewe.

Na bakuli lisiwe moja. Kwa fereti wawili mimi naweka matatu, mbalimbali, na angalau moja liwe mahali ambapo anayekula haonekani na mwenzake. Hili peke yake, bila somo lolote, huwatuliza baadhi yao kabisa. Wale ambao hawatulii ndio wanaohitaji kazi ninayoieleza hapa chini.

Jifunze kwanza kumsoma mwili. Nilikuwa na jike niliyemwita Tausi. Akipata shingo ya kuku aliivuta hadi chini ya kabati, akailalia kwa kifua, kichwa kikiwa juu yake na viwiko vimekandamiza sakafu. Ukimkaribia, kutafuna kulikoma ghafla. Taya liliganda, na jicho moja likakugeukia bila kichwa kugeuka. Halafu manyoya ya mkia yakasimama kama brashi ya kuoshea chupa. Sauti ya kufoka ilikuja mwisho kabisa, wakati mwenyewe alikuwa ameshasema mara tatu kwamba hataki. Kwa hiyo usisubiri sauti. Kule kukoma kutafuna ndiyo alama yako: simama hapohapo, rudi nyuma hatua moja, na umwache aendelee kula.

Kazi yenyewe ni kuugeuza mkono wako kutoka mkono unaochukua kuwa mkono unaoleta. Anza na chakula anachokithamini kidogo, yaani kile kikavu cha kila siku. Msogelee ukomee pale ambapo bado anatafuna, dondosha karibu naye kitu kitamu zaidi, kipande kidogo cha nyama iliyopikwa bila chumvi kwa mfano, kisha ondoka. Kuondoka ndiyo sehemu ambayo watu wengi huiruka. Wanadondosha zawadi halafu wanabaki wameinama juu yake, wanataka kumpapasa, na mnyama anabaki na wasiwasi uleule. Dondosha, geuka, nenda zako. Rudia hivyo siku nyingi, dakika chache tu kila mara, bila kuligusa bakuli.

Itafika siku atakapokuona unakuja, atainua kichwa mwenyewe na kunusa kuelekea kwako, kutafuta ulichomletea. Mwili umelegea, mkia umelala. Hapo ndipo unasogea hatua ya pili: unaweka bakuli tupu mbele yake na kulijaza kidogo kidogo ukimwangalia, ili chakula chenyewe kiwe kinatoka kwako. Tumia kijiko cha mpini mrefu mwanzoni. Fereti haoni vizuri sana, anategemea pua, na kidole kinachonuka kuku kwake kinaweza kuwa kuku. Kwa sababu hiyohiyo nawa mikono kila unapomaliza kukata nyama, kabla hujamshika. Mafuta ya samaki wa salmoni nayo yanasaidia sana, matone machache kwenye kijiko, arambe taratibu. Yasizidi, ataharisha.

Baada ya hapo mfundishe kubadilishana. Ana kitu, unampa kizuri zaidi, anaachia, unakichukua, unakitazama, halafu mara nyingi unamrudishia. Huko kurudisha ndiko kunakomfundisha kwamba kuachia si kupoteza. Nalisisitiza hili kwa sababu lina faida nje ya bakuli. Fereti wanapenda mno kutafuna mpira: soli za kandambili, vifutio, vitufe vya rimoti. Kipande kikimezwa kinaweza kuziba utumbo na kumuua. Siku utakapomkuta na kipande cha mpira mdomoni utataka mnyama anayekuja kwako kubadilishana, na si yule anayekimbilia chini ya kitanda kukimeza haraka kabla hujamfikia.

Nyama mbichi na mifupa ni suala jingine. Fereti aliyetulia kabisa kwenye chakula kikavu anaweza kuwa mnyama tofauti akipata mfupa, na hili si ukaidi. Silika ya mwindaji humwambia abebe windo lake akalifiche, na kila ukikaa na fereti utakuta maghala yake nyuma ya kochi. Kwa hao wawili wako, nyama itolewe kila mmoja akiwa peke yake, mlango umefungwa, mpaka wamalize. Usiwape pamoja sasa hivi ili "wazoeane". Shingo ya jike si mahali pa kufanyia majaribio. Maghala yasafishe wakati dume yuko chumba kingine anacheza, uondoe nyama isije ikaoza na umwachie punje chache kavu. Ukimbomolea ghala mbele ya macho yake, umerudia kumpokonya kwa njia nyingine.

Usichanganye mchezo na ugomvi, lakini. Fereti wakicheza hushikana shingo, huburutana na kubiringishana, na ngozi yao ya shingoni ni nene, inastahimili. Utaona wanapokezana, huyu juu kisha yule, na aliyeachwa anarudi mwenyewe kutaka zaidi. Ukisikia kilio kisichokatika, ukaona damu, au mmoja akajinyea kwa hofu na kujificha, hapo watenganishe.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo hayaligusi, nalo ni ugonjwa. Fereti aliyekuwa mpole akaanza ghafla kulinda chakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama hawa kabla ya kumfundisha chochote. Kwa waliovuka miaka 3, insulinoma, yaani uvimbe wa kongosho unaoshusha sukari mwilini, ni ugonjwa wa kawaida sana. Utamwona anakodoa macho, anatokwa mate, anajiparura mdomo, miguu ya nyuma inalegea. Mnyama wa namna hiyo kumnyima chakula ili "ajifunze" ni hatari kwa maisha yake. Anayesaga meno, kupungua uzito na kutoa kinyesi cheusi anaweza kuwa na vidonda vya tumbo. Dume ambaye hajahasiwa huwa mkali msimu wa kupandana, kwa hiyo la kwanza kumuuliza daktari kuhusu wako ni hilo. Na kama ana kichwa cheupe au mstari mweupe usoni, mpime masikio: wengi wenye rangi hiyo ni viziwi, na mkono unaotokea nyuma yake bila yeye kujua utaumwa hata kama hana wivu wowote na chakula. Kwa huyo, gonga sakafu kwanza ahisi mtikisiko ndipo umsogelee.

Akikung'ang'ania kidole, usivute, utachanika zaidi, na usimpige. Hapo, na hapo tu, ndipo ninapokubali kumshika ukosi: mnyanyue kwa ngozi ya shingo huku ukimtegemeza makalio, bila hasira, na kwa kawaida atalegea, apige mwayo na kuachia. Mweke chini mahali pake, maliza. Kidonda kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, halafu uonane na daktari, kwa sababu meno yake ni membamba na huingia ndani kuliko yanavyoonekana. Nyumbani kukiwa na watoto, kulisha kubaki kwa mtu mzima mmoja kwa sasa, na mtoto asimkaribie akiwa na kitu mdomoni.

Anza na mabakuli leo, na utuambie anavyofanya ukimsogelea akiwa kwenye chakula kikavu, hasa umbali anaokomea kutafuna. Nikijua hilo nitaweza kukwambia uanzie wapi kudondosha.