Uji wa mtoto wa kuchachua: kimea kwanza, bakteria baadaye

Ukiuliza Tanga mjini siku hizi kwa nini mtoto apewe uji uliochachuliwa, utaambiwa unamwongezea bakteria wazuri tumboni. Si uongo, ila faida kubwa haiko hapo. Bakteria wa kwenye togwa, yaani uji huo uliochachuliwa, wengi ni wapita njia: wanaingia, wanatoka. Kinachomsaidia mtoto ni uzito wa uji na ukali wake, na hivyo viwili vimo mikononi mwa mpishi.

Wakaazi hasa wa utumbo wa mtoto mchanga wanalishwa na titi. Maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya mia ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ukiondoa maji, laktosi na mafuta, ndizo zinazofuata kwa wingi, na mlaji wake mkubwa ni bakteria aitwaye Bifidobacterium infantis. Mama ananyonyesha wawili kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya miezi sita hakuna uji, wala maji, wala togwa ya kuonja. Ikitimia, uji unaongezwa juu ya titi, hauchukui nafasi yake.

Tatizo la uji wetu wa kawaida ni wepesi. Ukiongeza unga unakuwa ugali, ukipunguza mtoto anashiba maji. Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kinatatua hili: vimeng'enya vyake hukata wanga, na uji mgumu unalegea bila kuongezwa maji.

Chukua ulezi kilo moja, uchague na kuuosha, kisha uloweke usiku kucha. Uchuje, uutandaze kwenye kitambaa safi chenye unyevu, uufunike kwa siku mbili huku ukiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Ulezi ukichipua vimizizi, uanike juani hadi ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, upepete, usage. Mtama nao hutoa kimea kizuri, lakini machipukizi yake yana kemikali inayozalisha sianidi, hivyo lazima yaondolewe yote. Kwa mtoto, ulezi hauna wasiwasi huo. Weka unga kwenye kopo linalofunga barabara, maana unyevu wa pwani unauharibu upesi.

Kwa lita moja ya maji tia unga wa mahindi gramu 200, yaani kama kikombe cha chai kimoja na nusu. Upike mpaka uive. Utakuwa mzito hadi mwiko unakataa kuzunguka, na usiogope. Epua, uache upoe mpaka kiganja kivumilie ubavu wa sufuria. Hapo ndipo unatia kimea, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa, na kukoroga. Ndani ya dakika chache uji unaanza kulegea na kupata utamu. Ukitia kimea sufuria ikiwa inatokota, vimeng'enya vinakufa na uji unabaki vilevile. Mtu akiona hivyo huongeza maji, na kazi yote imekwenda bure.

Ukishalegea, urudishe motoni uchemke dakika mbili tatu. Hatua hii wengi wanairuka. Nafaka iliyokaa siku mbili kwenye unyevu na joto haikuzaa kimea peke yake, imezaa na vijidudu vingi, vikiwemo vya kinyesi. Chemsha, poza hadi uvuguvugu, kisha tia chachu: vijiko sita vya chakula vya togwa nzuri ya jana. Funika. Wakati wa kaskazi, saa 12 hadi 18 zinatosha. Wakati wa kusi subiri siku nzima. Uji unapaswa kuwa mkali kama mtindi, wenye harufu safi. Ukipata karatasi za kupimia asidi, tafuta pH ya 4 au chini yake.

Usitegemee uji uchachuke wenyewe bila chachu. Unachelewa, na katika masaa hayo bakteria kama Staphylococcus wanaweza kutoa sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Uji wenye utelezi, ukungu au harufu ya kuoza unamwagwa, hauokolewi. Uji mzuri unaweza kuupasha mpaka uchemke kabla ya kumlisha mtoto: bakteria wa togwa watakufa, lakini asidi na uzito vinabaki, na kwa mtoto wa chini ya mwaka tunaona hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Jambo hili limepimwa hapahapa nchini. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walieleza mwaka 1994 kwamba watoto waliokula uji uliochachuliwa waliharisha mara chache kuliko wenzao. Mwaka 1999 utafiti wa Kingamkono na wenzake ukaonyesha vijidudu vya kuhara vimepungua kwenye vinyesi vya watoto wa namna hiyo.

Lakini togwa haina madini ya chuma ya kutosha, na unga wa virutubishi wenye chuma nao una lake. Huko pwani ya kusini ya Kenya, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, watoto waliopewa chuma cha unga walionekana kuwa na bakteria wabaya wengi zaidi matumboni. Haina maana ukatae chuma ulichoandikiwa kliniki. Ina maana uanze na chakula: uono (samaki wadogo wa baharini kama dagaa) uliokaushwa, ukaoshwa chumvi, ukatwangwa na kuchekechwa, kijiko cha chai kwenye bakuli wakati wa kulisha. Usiuchachue pamoja na uji.

Dhaka, Bangladesh, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watoto wenye utapiamlo wa wastani walipewa mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, uliochaguliwa kwa kuangalia bakteria gani unawalisha. Waliongezeka uzito vizuri kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha nyongeza kwa watoto wenye utapiamlo, ingawa chao kilikuwa na nishati ndogo. Ndizi mbichi za Muheza na Lushoto zipo sokoni Mgandini. Zichemshe, ziponde, umlishe mtoto kwa zamu na uji. Karanga ndizo za kuangalia: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe kabla ya kusaga, kwa sababu sumukuvu haiondolewi na moto wa jikoni, na kuchachua hakukupi uhakika wowote.