Usiyagawe mafungu matatu

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi insha ya mabadiliko ya kijamii, kisiasa na kisayansi mwishoni mwa karne ya 19, maana mwalimu amekurudishia ya kwanza kwamba ni orodha tupu. Mimi ningechukua mji mmoja tu, Unguja, nione mambo yanavyoshikana.

Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, safari ya Ulaya ikafupika. Mwaka 1879 ukaja waya wa simu ya maandishi (telegrafu) wa chini ya bahari kutoka Aden. Hapo kaa kidogo, ndipo penye utamu. Kabla yake balozi wa Uingereza alingoja barua kwa wiki nyingi na mengi aliyaamua mwenyewe. Baadaye London ikawa inamwelekeza. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zililipiga kasri alimokuwamo Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila idhini yao, kwa muda usiotimia saa moja, na ruhusa ya kupiga ilikuwa imeombwa na kujibiwa kwa simu hiyo.

Utumwa nao usiupe tarehe moja. Soko la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini watumwa wa mashamba ya karafuu walibaki kwa mabwana zao hadi amri ya 1897, na hata hapo ilibidi mtu aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru. Masuria hawakuhesabiwa kabisa katika amri hiyo! Wengi huparuka hapo, na watahini wanajua.

Beit al-Ajaib, jumba la sultani, na taa zake za umeme? Sentensi moja yatosha.