Maswali na majibu: Kichefuchefu cha safarini

Swali: Mwanangu ana miaka 6. Kila tunapokwenda Iringa kwa basi, hutapika mara tu tunapoanza kupanda mlima wa Nyang'oro, lakini mdogo wake wa mwaka mmoja hasumbuliwi kabisa. Kwa nini? (Mama, Chang'ombe, Dodoma)

Jibu: Kichefuchefu cha safarini hutokea ubongo unapopokea taarifa zinazopingana. Sikio la ndani, ambalo hupima mwendo na kuuweka mwili katika mizani, linasema kwamba mwili unayumba kwenye kona, ilhali macho ya mtoto, ambayo hayaoni chochote isipokuwa mgongo wa kiti cha mbele, yanasema kwamba ametulia. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi, na walio chini ya umri huo huathirika kwa nadra, ndiyo maana mdogo wake hulala salama.

Mara nyingi kutapika hutanguliwa na dalili, na mzazi anayezifahamu huwahi kumsaidia mtoto: anapiga miayo mfululizo, ananyamaza ghafla, anameza mate kila mara, na jasho jembamba linatokeza juu ya mdomo wake. Ukiziona, mwondolee simu au kitabu, fungua dirisha apate hewa, kisha mwelekeze atazame kilima kilicho mbali na si miti inayopita kando ya barabara. Siku ya kukata tiketi, omba kiti cha mbele ambako ataiona barabara. Nakuomba pia usimgombeze anapochafua nguo, maana hana uwezo wa kujizuia, na hofu ya kugombezwa humzidishia hali hiyo katika safari inayofuata.

Swali: Huwa sili chochote tangu usiku wa kuamkia safari, na bado natapika. (Mfanyabiashara, Kibaigwa)

Jibu: Tumbo tupu si kinga. Kula kidogo saa moja au mbili kabla ya kuondoka, kwa mfano uji mwepesi au mkate mkavu, na uepuke chapati zenye mafuta mengi na chipsi mayai za vituo vya njiani. Maji yanywe kidogo kidogo. Wapo wanaopata nafuu kwa tangawizi, nami sioni ubaya wa kuijaribu.

Swali: Nilimeza kidonge baada ya kuanza kutapika, lakini hakikunisaidia. (Msomaji, Kondoa)

Jibu: Ulichelewa. Kichefuchefu kikishaanza, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vilivyomo, hivyo dawa hukaa humo bila kufyonzwa vizuri, au hutapikwa. Dawa hizi humezwa nusu saa hadi saa 2 kabla ya safari, kutegemea aina, na mfamasia atakueleza. Nyingi huleta usingizi: usiendeshe chombo wala usinywe pombe. Prometazini, mojawapo ya dawa hizi, haifai kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, na mjamzito amwone kwanza mtaalamu wa afya.

Swali: Nikiendesha gari mwenyewe sijambo, lakini kwenye treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kichwa huniuma nikisoma. (Mtumishi, Dodoma)

Jibu: Dereva huijua kona kabla haijafika, hivyo mwili wake hujiandaa. Kwenye treni, chagua kiti kinachotazama treni inakoelekea ikiwa kipo, egemeza kichwa kitulie, na uache kusoma. Ukiwa umechoka, fumba macho ulale.