Kazi ya ofisini katikati ya muhula: anza na kalenda

Fildi, yaani mafunzo ya kazi ofisini, ya likizo haina shida kubwa. Madarasa yamefungwa, unaingia ofisini asubuhi na kutoka jioni kama watu wengine. Shida huja chuo kikishafunguliwa na bosi akakwambia, "We endelea tu kuja ukipata nafasi." Mimi niliambiwa hivyo nikiwa mwaka wa pili wa uhasibu hapa Dar, nikabaki kwenye ofisi ndogo ya uhasibu Kariakoo mpaka nilipomaliza chuo. Wadogo zangu wanaosoma sasa huniuliza niliwezaje. Sikugawa saa za siku, niligawa mwezi.

Ratiba ya asubuhi darasa, mchana ofisi, usiku kitabu inapendeza ukiiandika, ila kazi zenyewe hazina wiki zinazofanana. Kwenye uhasibu, PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) inatakiwa iwe imelipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ritani, yaani fomu ya hesabu, ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni tarehe 20. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba wateja wengi wana awamu ya kodi ya makadirio. Siku mbili tatu kabla ya tarehe hizo ofisi haina utani: wateja wanaleta risiti za EFD, zile za mashine za kodi, kwenye mfuko, nusu zimefutika. Baada ya hapo kunatulia, na kijana wa chuo akikosekana hakuna anayeulizia.

Chuo nacho kina tarehe zake: majaribio, kazi za vikundi, kisha UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Mwanzo wa muhula nilikuwa naziandika zote pamoja na za ofisi kwenye karatasi moja, halafu naipeleka kwa bosi kabla hajaniuliza.

"Shikamoo mama. Nimeleta ratiba yangu."

"Marahaba mwanangu. Tarehe 18 mpaka 20 upo?"

"Nipo. Ila wiki ya tarehe 9 nina majaribio mawili."

"Basi wiki hiyo usije. Bora nijue sasa kuliko kukutafuta kwenye simu."

Mabosi wengi, kwa nilivyowaona, hawachukii mwanafunzi kukosekana. Wanachukia kushtukizwa.

Darasani, kinachoumia kwanza ni kazi za vikundi. Wenzako wanakutana saa nane mchana, wewe uko Kariakoo, na polepole wanaanza kukuona mtegaji. Omba kipande ambacho unaweza kukifanya peke yako usiku, majedwali ya Excel kwa mfano, na ukitume wa kwanza. Elewana pia na CR, kiongozi wa darasa, maana vipindi huhamishwa ghafla. Ile tabia ya kusainiwa mahudhurio na rafiki siishauri. Siku mhadhiri akiita majina, mnaumia wawili.

Kuhusu pesa, anza na nauli. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo, la 10,000 kwa siku limepangiwa chakula na malazi. Ukitoa humo nauli ya kwenda mjini na kurudi kila mara, unakula chips kavu. Ofisi isiyoweza kukulipa hata nauli, kaa nayo miezi michache tu, tena kama inakufundisha kazi yenyewe: usuluhishi wa hesabu za benki, kuingiza ankara, kuandaa ritani. Kama kila siku ni kutoa kopi na kuagiza chai, aga kwa heshima.

Faida niliyoipata pale, kuliko ile posho, ni kuwaona watu walionitangulia kwa miaka mitano, kumi. Walikuwa wanajiandaa na mitihani ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, ya Mei na Novemba huku wana kazi na watoto, wanasinzia juu ya vitabu. Nikaamua yangu niianze mara tu baada ya kuhitimu. Kaka mmoja alinionyesha pia salari slipu yake: mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye 800,000 ni 120,000 kila mwezi. Tangu hapo, kila nikisikia tangazo la mshahara, naanza kutoa hiyo.

Lakini kama ndoto yako ni kubaki chuoni kufundisha, usinifuate mimi. Huko wanaangalia GPA (wastani wa alama zako) ya kuanzia 3.8, na barua ya ofisi ya kuthibitisha kazi uliyofanya haitaiongeza. Wewe nenda ofisini likizo tu.

Na barua yenyewe iombe wiki ya mwisho, bosi akiwa bado anakumbuka ulichofanya. Mwandikie rasimu ukitaja kazi moja moja, wateja wa aina gani, programu gani ya hesabu. Barua inayosema tu kwamba "alikuwa kijana mwenye nidhamu" kila mtu anayo.