Wasomaji wanauliza: Mama anunue cherehani ya nne?

*Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya biashara, mwaka wa pili, hapa Dodoma. Muhula huu tuko kwenye linia programingi, ile hesabu ya kutafuta faida kubwa au gharama ndogo kuliko zote pale vitu ulivyonavyo vina kikomo. Jedwali la simpleksi, yaani njia ya kutafuta jibu hilo hatua kwa hatua, nalijaza mpaka mwisho na jibu napata, ila nikiulizwa jibu hilo linasema nini, nanyamaza. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mama yangu anashona sare za shule. Ana cherehani tatu na mafundi wake, na pasi moja. Wanafanya kazi siku 6 kwa wiki, saa 8 kwa siku. Shati linakula saa 2 za cherehani na dakika 20 za pasi. Sketi ya marinda inakula saa 1 ya cherehani, lakini marinda yanataka dakika 40 za pasi. Shati linamwachia faida ya shilingi 5,000, sketi 4,000. Sasa anataka kukopa kwenye kikoba anunue cherehani ya nne, na ameniuliza mimi, msomi wake, kama anafanya sawa. Nimwambie nini?*
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, maana mama yako ameuliza swali ambalo somo lenyewe liliundwa kulijibu, na mitihani yetu hulipita. Nimefundisha hesabu za biashara miaka 19 na nakiri kwamba hata mimi, miaka ya mwanzo, nilikuwa nasahihisha majedwali tu.

Weka jedwali pembeni kwanza. Chukua daftari uandike vitu ambavyo mama hawezi kuviongeza wiki hii. Saa za cherehani: tatu mara 8 mara 6, ni 144. Saa za pasi: 48. Kwa kuwa pasi umeipima kwa dakika ishirini ishirini, igeuze iwe vipande vya dakika 20, nayo itakuwa vipande 144. Mashati yaite x, sketi ziite y. Vizuizi vyako ni hivi:

2x + y ≤ 144 (cherehani)
x + 2y ≤ 144 (pasi)

Na lengo ni 5,000x + 4,000y iwe kubwa kadiri inavyowezekana. Hiki ni kitu kilekile ulichochora kidato cha nne. Eneo linaloruhusiwa lina pembe nne, na faida kubwa kuliko zote lazima ipatikane kwenye pembe mojawapo. Asiposhona kitu anapata sifuri. Akishona mashati matupu, 72, anapata 360,000. Sketi tupu, 72, anapata 288,000. Pale mistari miwili inapokatana ni mashati 48 na sketi 48, faida 432,000 kwa wiki. Basi mpaka hapo ndipo somo linapoishia kwa wanafunzi wengi. Wanapiga mstari chini ya jibu wanafunga daftari.

Sasa njoo kwenye swali la mama. Tuseme mtu amempa saa moja zaidi ya cherehani, basi. Faida inapanda kwa shilingi ngapi? Fungua jedwali lako la mwisho, uangalie safu ya chini, chini ya vile vigeu vya ziada ulivyoviongeza mwanzoni ili kugeuza ≤ iwe =. Utaona 2,000 na 1,000. Namba hizo ndizo bei kivuli. Saa moja zaidi ya cherehani ina thamani ya shilingi 2,000. Kipande kimoja cha pasi kina thamani ya 1,000, na saa moja ina vipande vitatu, kwa hiyo saa ya pasi ni shilingi 3,000.

Umeiona? Mama anakwenda kukopa ili apate saa za shilingi 2,000, na pale pembeni, juu ya meza yenye blanketi lililoungua, kuna saa za shilingi 3,000. Na pasi haifiki bei ya cherehani hata kidogo.

Usiniamini kwa maneno, fanya hesabu. Cherehani ya nne inaleta saa 48, kizuizi cha kwanza kinakuwa 192. Utapata mashati 80 na sketi 32, faida 528,000, yaani ongezeko la 96,000. Pasi ya pili nayo inaleta saa 48, kizuizi cha pili kinakuwa 288. Faida inafika 576,000, ongezeko la 144,000.

Ila angalia vizuri hilo jibu la pili kabla hujampigia mama simu: linasema ashone sketi 144 na asishone shati hata moja! Hakuna mwalimu mkuu atakayepokea sketi zisizo na mashati. Hesabu haikukosea, ni sisi hatukuiambia habari za soko. Muulize mama sketi anazoweza kuuza kwa wiki zisizidi ngapi. Tuseme anasema 90. Ongeza kizuizi y ≤ 90, rudia, utapata sketi 90 na mashati 27, faida 495,000. Ongezeko limeshuka hadi 63,000, na pasi mpya itatumika saa 21 tu kwa wiki. Baada ya hapo bei kivuli ya pasi ni sifuri, maana kinachombana si pasi tena, ni wateja. Kwa hiyo hata mtu wa kupiga pasi asimwajiri wiki nzima. Amlipe kwa saa, na malipo yoyote yaliyo chini ya shilingi 3,000 kwa saa yanamwachia kitu.

Hebu pia linganisha: cherehani ya nne inaongeza 96,000 kabla ya mshahara wa fundi wa nne, kabla ya marejesho ya kikoba. Kama fundi huyo anataka zaidi ya 2,000 kwa saa, mama anafanya kazi ya kumlipa yeye. Mimi ningemwambia anunue pasi, na hela ya kikoba aiache mpaka msimu wa Januari, akiwa na namba za soko za kweli mkononi. Mpe mama salamu zangu.

*Mwalimu, kwa nini inaitwa programingi wakati tunaifanya kwa kalamu na grafu? Ni mambo ya kompyuta au siyo?*
*Msomaji, Nakuru*

Neno hilo halikutoka kwenye kompyuta. Mwaka 1947 George Dantzig alikuwa akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani, na wanajeshi waliita "programu" ile mipango yao ya mafunzo, ugavi na kupeleka watu na vifaa. Njia yake ya simpleksi ilikuwa ya kupanga mipango hiyo. Jina fupi la linia programingi alipendekezewa na mchumi Tjalling Koopmans mwaka 1948. Huko Leningrad, Leonid Kantorovich alikuwa ameshalifikia wazo hilo mwaka 1939, akianzia kwenye tatizo la kiwanda cha mbao za plaiwudi: kazi ipi ipewe mashine ipi. Kantorovich na Koopmans walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1975. Dantzig hakupewa, na mimi nikifundisha sehemu hii huwa sioni sababu ya kulificha hilo.

Kuhusu kalamu: mwaka 1945 mchumi George Stigler alitafuta chakula cha bei nafuu kuliko vyote kinachomtosheleza mtu mzima mwaka mzima, kutoka vyakula 77 na mahitaji 9 ya lishe. Kwa kukisia kwa akili alipata dola 39.93, kwa bei za 1939. Mwaka 1947 makarani 9 wenye mashine za kuhesabu za mezani walilifanya tatizo lilelile kwa simpleksi, kazi ya siku 120 za mtu mmoja, wakapata dola 39.69. Stigler alikosea kwa senti 24! Leo simu yako inamaliza kazi ile kabla hujapepesa jicho.

*Mwalimu, pole na majukumu. Nafuga kuku wa mayai Mbeya huku nasoma stashahada ya uhasibu. Nilitumia Solver, kile kifaa cha Excel kinachotatua hesabu hizi, kutafuta mchanganyiko wa chakula wa bei ya chini. Nikaweka protini isipungue asilimia 17. Imenipa mahindi na mashudu ya alizeti tu, karibu nusu kwa nusu. Nichanganye?*
*Mfugaji, Mbeya*

Usichanganye, ndugu yangu, tafadhali. Mimi nilichanganya. Nilikuwa na kuku 200 nyumbani, wakitaga trei 5 kwa siku, na nilijiona nimepata dawa ya gharama. Kabla ya wiki tatu kwisha walikuwa kwenye trei 3, wanakula sana na vinyesi vimejaa banda. Niliita daktari wa mifugo nikidhani ni ugonjwa. Akashika kiganja cha chakula, akakipuliza, maganda ya alizeti yakaruka. Hakusema mengi.

Solver ilinipa nilichoiomba. Sikuiomba nyuzinyuzi zisizidi kiwango, na mashudu yenye maganda yamejaa nyuzinyuzi. Tuiandike upya, tukiacha chokaa na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ili hesabu isiwe ndefu. Katika kilo 100: mahindi yana protini asilimia 9 na nyuzinyuzi 2, mashudu 28 na 25, dagaa 50 na 1. Chukua bei za mfano kwa kilo: mahindi 600, mashudu 800, dagaa 3,000. Ukidai protini peke yake, unapata mahindi kilo 58 na mashudu 42, kwa kama shilingi 68,400, na nyuzinyuzi zinapita asilimia 11. Ongeza kizuizi kwamba nyuzinyuzi zisizidi 7, na jibu linageuka: mahindi kilo 68.6, mashudu 22.1, dagaa 9.3, kwa kama shilingi 86,600.

Ndiyo, imepanda zaidi ya shilingi 18,000, na najua inauma. Lakini zile 68,400 hazikuwa bei ya chakula cha kuku wa mayai hata siku moja. Na ukiitazama bei kivuli ya nyuzinyuzi utaona kwamba kila asilimia moja unayoilegeza inakupunguzia karibu shilingi 3,900 kwa kilo 100. Hiyo inakuonyesha pa kwenda kupatana: tafuta mashudu ya alizeti iliyokobolewa, au pitisha yako kwenye chekeche, hata kama kilo itapanda bei kidogo.

Alizeti pia ina upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, kwa hiyo nayo iwekee kizuizi chake. Na dagaa wapime kabla ya kuamini ile 50: waliokaushwa juu ya mchanga unanunua na mchanga wao. Kabla ya kubonyeza kitufe, chukua orodha yako ya vizuizi umpelekee mtu anayeshinda bandani, hata kama hajui x ni nini, umuulize umesahau kitu gani.

*Nina shilingi milioni 45 na uwanja wa kuegesha vyombo 6. Bajaji milioni 9, inaleta 16,000 kwa siku. Guta la injini milioni 5, linaleta 10,000. Hesabu inanipa bajaji 3.75 na maguta 2.25. Nikadirie tu?*
*Msomaji, Tanga*

Jaribu kukadiria uone. Bajaji 4 na maguta 2 ni milioni 46, hela haitoshi. Bajaji 3 na maguta 3 inawezekana, inaleta 78,000. Bajaji 4 na guta 1 inaleta 74,000. Na kuna jibu ambalo liko mbali na ile 3.75 kiasi kwamba kukadiria kusingekufikisha: bajaji 5, guta hakuna, uwanja unabaki na nafasi moja wazi, 80,000 kwa siku. Vitu visivyogawanyika vinataka kizuizi chao cha namba nzima. Kwenye Solver kipo, chagua "int" unapoongeza kizuizi. Kwa tatizo dogo kama lako, kaa na karatasi ujaribu michanganyiko yote kwa mkono. Haitafika hata thelathini.