Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu Ni Malkia wa Rodeo

SWALI: Dada Mhariri, salamu nyingi. Tunaishi Colorado, na binti yetu mwenye miaka 19 amevikwa taji la malkia wa rodeo (mashindano ya makauboi, yaani wachunga ng'ombe wa Marekani, ya kupanda farasi na kunasa ndama kwa kamba) wa wilaya yetu. Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba atakuwa barabarani karibu kila wiki, akivuta trela la farasi wake kwa pikapu, na mara nyingine itambidi apande farasi wa kuazima. Baba yake anasema ni mambo ya urembo na kupunga mkono tu. Mimi usingizi umenipaa. Kazi hii ni nini hasa, na nimwandaeje mwanangu?
Mama wa Malkia

JIBU: Dada yangu, umefanya vema kuandika kabla msimu haujaanza. Kwa misimu miwili nilifuatana na binti mwenye cheo kama hicho, nikiwa mtunzaji wa farasi wake, na mengi yaliyotutesa mwezi Julai tungeweza kuyazuia mwezi Mei.

Mwambie shemeji taratibu kwamba kupunga mkono huchukua dakika mbili tu katika siku nzima. Siku ya rodeo huanza alfajiri kwa kulisha farasi na kuzoa samadi, ikafuata gwaride la mjini, pengine kuwatembelea watoto hospitalini, kisha kusaini picha langoni, na jioni ndipo malkia anapoingia uwanjani na bendera. Ufunguzi ukiisha hapumziki, kwani katika rodeo nyingi yeye husaidia kuwaondoa ndama uwanjani baada ya kila mrusha kamba kumaliza zamu yake, kazi inayohitaji farasi mwepesi wa kugeuka na mpandaji anayezijua tabia za ng'ombe. Ndiyo maana hata katika shindano la taifa la Miss Rodeo America, ambalo hufanyika Las Vegas mwezi Desemba, majaji hupima umahiri wa kupanda farasi pamoja na haiba na mwonekano.

Ninachokiogopa kuliko yote ni huyo farasi wa kuazima. Mti wa bendera huchomekwa kwenye kikombe kidogo kilichofungwa kando ya kikuku cha tandiko, na mpandaji huushika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika hatamu. Farasi akianza kwenda shoti, kitambaa hupigwa na upepo kikalia kama mjeledi, nyuma kidogo tu ya jicho lake. Aliyezoea hugeuza sikio moja nyuma na kuendelea na mwendo. Asiyezoea hukikimbia kitu asichokiona vizuri. Jioni moja tuliletewa farasi mwekundu, tukahakikishiwa kwamba ni mpole, nasi kwa kuona haya tusionekane wasumbufu hatukumjaribu. Alivumilia nusu mzunguko, kisha akaruka pembeni, goti la binti likabanwa kwenye uzio, na safari ya wiki mbili ikakatika pale pale. Farasi yule hakuwa mbaya. Hapakuwa na mtu aliyewahi kumzoesha bendera. Kwa hiyo mfundishe binti yako aombe robo saa ya kumpanda farasi mgeni, akiwa na bendera ile ile, kabla watazamaji hawajaingia. Akinyimwa nafasi hiyo, aingie bila bendera, na asimwombe mtu radhi kwa hilo.

Kwa farasi wake mwenyewe, adui ni joto. Trela lililosimama juani huwa tanuri kwa muda mfupi, kwa hiyo vituo viwe kivulini na madirisha yabaki wazi. Kila baada ya saa tatu au nne asimame ampe maji. Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto, lakini wengi huyakataa maji ya ugenini kwa sababu ya harufu na ladha yake, na farasi asiyekunywa huweza kupata msokoto wa tumbo, maradhi yanayoweza kumwua. Sisi tulibeba madumu ya maji ya nyumbani, tukawa tunayachanganya na ya ugenini kidogo kidogo. Kila kituo nilimbonyeza ufizi kwa kidole: weupe unaobaki ukirudia uwaridi ndani ya sekunde mbili, nilitulia, ukichelewa, nilimpigia simu daktari wa mifugo. Huyo daktari ndiye pia atakayempa binti yako cheti cha afya cha kuvukia mipaka ya majimbo, pamoja na majibu ya kipimo cha Coggins, kinachochunguza ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu kwa farasi. Nakala zikae garini, wala si kwenye simu peke yake.

Kisha kuna usiku. Siku zinazoizunguka tarehe 4 Julai huitwa Krismasi ya Makauboi, kwa kuwa rodeo ni nyingi na zawadi ni nono, na washindani hukimbia kutoka mji hadi mji bila kulala. Malkia hagawiwi zawadi hizo, ila huambukizwa haraka yao. Kutoka Cody hadi Cheyenne, ndani ya jimbo moja la Wyoming, ni zaidi ya kilomita 600, na usiku kulungu hukatiza barabara. Wekeni ahadi nyumbani kwamba rodeo ikiisha usiku, analala hapo hapo uwanjani na kuondoka alfajiri. Asisafiri peke yake. Ukiweza, nenda naye wewe.

Fedha ni suala fupi: cheo cha wilaya kwa kawaida hakina mshahara, kwa hiyo tafuteni wafadhili wa mafuta mapema.

SWALI: Nina miaka 12. Taji hukaaje kofiani farasi akienda shoti?
Msomaji Mdogo

JIBU: Mwanangu, taji hufungwa kwenye kofia, kwa hiyo kazi ni kuizuia kofia yenyewe. Huchaguliwa yenye kukaza, vipande vya sifongo vikawekwa ndani yake panapogusa kichwa, kisha vibanio vikaishikilia kwenye nywele. Ijaribu kwanza nyumbani, ukielekea upepo na kuinamisha kichwa kidogo, kwa sababu upepo ukiingia chini ya ukingo wa mbele, kofia huondoka na taji lake.